Nyuzi Kumi

Kipimajoto kimefungwa kwa uzi wa kufumia,
sufu ya kijani iliyobaki kwenye sweta ya Fenna,
kinaning'inia karibu na sakafu ya bwawa letu
hapa Drachten, nyuma ya banda la baiskeli.
Aliyekifunga ni Jeltsje.
Kazi yangu ni kukivuta kila asubuhi,
kufuta miwani, kusoma, kukirudisha.
Leo: nyuzi sita.

Basi mkebe wa chakula ubaki rafuni.

Kanuni zake ziko kwa penseli, ndani ya mlango wa banda:
Zaidi ya kumi na tano, walishe washibe.
Kumi na tano kushuka hadi kumi,
chakula chepesi cha ngano, konzi ya mtoto, saa za jua.
Chini ya kumi, usiwape kitu.
Na chini kabisa, kwa mwandiko uliokolezwa mara mbili:
Wiebe, hata wakikuomba.

Na wanaomba.
Februari ina siku zake za ulaghai.
Jua linachomoza, jirani Sjoerd anavua skafu,
na Meya, yule mwekundu mwenye doa jeusi shavuni,
anapanda polepole kama lifti kuukuu,
anafungua mdomo, anafumba, anafungua,
duara tupu, duara tupu.
Nani ana moyo wa kumpa mgongo?

Mwaka wa kwanza mimi sikuwa nao.
Jeltsje alikuwa kwa dada yake, Groningen.
Nikamimina konzi mbili, wakagombea,
nikajiona mtu mwema.
Usiku baridi ikarudi.
Samaki hana moto wake mwenyewe;
tumbo lake ni jiko linalokokwa na maji,
na maji yakipoa jiko huzimika
chungu kikiwa bado mafigani.
Siku ya tano tuliokota watatu, ubavu juu.
Hakunigombeza.
Aliwafunga kwenye gazeti, mmoja mmoja,
kisha akaenda kutafuta penseli.

Barafu nayo usiipige nyundo.
Kule chini wamelala, na mshindo
huwafikia kama mlango unaovunjwa usiku.
Chemsha maji, weka sufuria juu ya barafu, subiri.
Itajitobolea yenyewe, hewa mbovu itoke.
Mimi hutumia ile ya supu.

Ile ya supu.
Novemba ya mwaka juzi niliijaza njegere,
nikachuja, nikapoza, nikabeba kijiko
hadi kitandani pake, pale dirishani.
Alifungua mdomo, akafumba.
Nikasema: kidogo tu. Nikasema: kwa ajili yangu.
Muuguzi, Bi Akkerma, akanishika kifundo cha mkono:
"Mwili wake umeshafunga jiko.
Ukimlisha sasa unamtwika mzigo."
Nilimchukia siku nzima.
Mtu hafi njaa nyumbani kwangu, nilisema,
nikaipasha moto supu mara ya tatu.

Jeltsje alikuwa anatazama nje.
"Nyuzi ngapi?" akauliza,
kwa sauti iliyobaki nyembamba kama ule uzi.
Nikatoka na kandambili kwenye umande ulioganda,
nikavuta, nikasoma, nikarudi.
"Nne."
Akanitazama tu.
Hakuongeza neno.
Nikakiweka kijiko mezani.

Sjoerd ananishauri ninunue kipimajoto cha betri,
kinatuma namba kwenye simu, huna haja ya kutoka.
Nimemwambia nitafikiria.

Meya amepanda tena leo, na nyuzi ni sita.
Nimechuchumaa, magoti yakalalamika,
nikamwonyesha viganja vyote viwili, vitupu.
Tukatazamana kitambo.
Akazama, bila haraka, bila kinyongo ninachoweza kukiona.

Uzi wa sufu umeanza kuchakaa pale unapogusa jiwe.
Nitamwuliza Fenna kama kuna mwingine.
Rangi yoyote.