Tembele la Zamu ya Usiku

Bwana Ormerod alinipa ndani ya bahasha ya kodi ya manispaa
mbegu ishirini na moja, nyeusi, zenye kona,
kama pilipili manga iliyokatwa kwa kisu butu.
"Zikwangue kwanza," akasema juu ya ukuta,
"halafu zilaze majini. Zina vichwa vigumu hizi."
Jina akalitaja kwa Kiingereza chake cha Burnley.
Nikasikia "utukufu", nikasikia "asubuhi",
nikadhani ananialika kanisani.

Nilikuwa natoka zamu, unga kwenye nyusi,
mikate elfu nne nyuma yangu, wala mmoja si wangu.
Nikakaa jikoni na tupa ya kucha ya mke wangu,
nikazisugua moja moja.
Usiku zikalala ndani ya kikombe;
mimi nikaenda kukesha na hamira.
Kulipokucha vyote vimeumuka:
mikate, na mbegu kumi na saba.
Nne ziligoma. Sikuzilaumu.

Aprili ya hapa haiaminiki,
mchana inakuchekea, usiku inakung'ata.
Nikazipanda dirishani, kwenye mirija ya karatasi ya choo,
maana mizizi yake, jirani alinionya,
haitaki kuguswaguswa.
Kuhamishwa mara moja kunaitosha.
Hilo sikuhitaji kuelezwa mara mbili.

Juni nikazitoa uani,
kati ya pipa la kijani na pipa la bluu.
Konokono wasio na nyumba wakala sita kwa usiku mmoja.
Nasibu akatoka na tochi, na kopo la mtindi,
akiwahesabu kwa lafudhi ya hapahapa
ambayo mimi, baba yake, huiomba irudie.

Majani ya kwanza yalipasuka kama mkia wa mbayuwayu,
ya pili yakaja na umbo la moyo.
Nikampigia picha dada yangu, Muheza.
"Matembele hayo!" Siwema akasema. "Chuma, tia nazi."
Nikamwambia ni ukoo mmoja, ila hili haliliwi,
na mbegu zake zina sumu.
Akanyamaza.
"Unamwagilia mboga isiyolika?"
"Ndiyo."
"Basi mmeshiba huko."
Sikumwambia bei ya gesi.

Ukambaa juu ya kamba za katani.
Nikiuzungusha upande niutakao,
nikirudi kazini umejifungua,
umejisokota upande wake uleule.
Agosti nzima majani, majani, majani.
"Umeulisha mno," akasema Bwana Ormerod.
"Uache na njaa kidogo, utakumbuka kazi yake."
Nikaacha mbolea. Nikaacha hata kuutazama,
au nilijifanya.

Tarehe mbili Septemba, saa kumi na mbili na nusu,
nafungua lango la nyuma, begi bado begani:
bluu.
Bluu ya sare ya shule siku ya kwanza,
kabla haijajua sabuni.
Na katikati mwanga, kama mtu kaacha taa ikiwaka
akimsubiri anayerudi usiku.
Nikabaki nimesimama na viatu vya kazi.
Mke wangu akanipita, funguo mdomoni, anawahi basi,
akarudi hatua mbili,
akatoa funguo mdomoni.

Kufika adhuhuri yalikuwa yamejikunja kama miavuli iliyolowa.
Nami nilikuwa nimelala. Sote tulikuwa tumemaliza zamu.

Kwa wiki tano nilihesabu kila nikirudi.
Siku moja yalichanua tisa,
na sita yalikuwa yamevuka ukuta,
yameelekea kwa Bwana Ormerod,
aliyesimama na kikombe chake, nguo za kulalia,
bila neno, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Oktoba baridi ikaupitia usiku mmoja,
ukawa mweusi kama mchicha uliosahaulika jikoni.
Nikavunja vifuko vikavu, nikatia mbegu katika bahasha ya bili,
nikaazima kalamu ya Nasibu, nikaandika juu yake:
Tembele la zamu ya usiku.
Lisiliwe.