Hazifuati Mama

Wahenga walisema siku ya tatu.
Mimi nilipewa jembe mwaka wa tatu,
juu ya ua wa mbao, bila salamu,
na Bi Halyna, jirani yangu wa Winnipeg,
aliyechoka na magugu yangu yanayomchungulia.
"Chukua," akasema. "Uani kwako pananiumiza macho."

Nikaanzia bafuni, mwezi wa Machi,
theluji nje imefika kiunoni mwa dirisha.
Vikombe ishirini vya mtindi, vimetobolewa chini kwa msumari,
taa ya buluu, mbegu bapa kama magamba ya dagaa.
Kila aliyeingia kuoga aliombwa asirushe maji.
Bamia zilikataa katakata.
Hoho zilisita wiki tatu.
Mabiringanya yakatoka siku ya tisa,
yameinamisha shingo
kama watu wanaotafuta ufunguo sakafuni.

Nilichagua aina fupi. Pakiti iliahidi
tunda la kidole gumba, siku sitini.
Huku hakuna nafasi ya biringanya la kujinafasi,
jitu la kulala juani hadi liwe kama kibuyu.
Jalidi ya mwisho huaga Mei ikiisha,
ya kwanza hurudi Septemba, haibishi hodi.
Katikati unapewa kiangazi
kifupi kama likizo ya kibarua.

Juni, vimende vyeusi, vidogo kuliko ufuta,
vikatoboa majani yakawa chekeche.
Julai, maua ya zambarau, nyuki hakuna.
Nikatoka alfajiri na mswaki wa betri
nikayatikisa moja moja, zzz, zzz,
Mwanaidi dirishani ananipiga picha
akawaonyeshe wenzake
baba anayeipigisha mimea mswaki.

Kindi alikula nyanya moja tu, ile moja iliyoiva,
nusu akaniachia kwenye ngazi. Adabu anayo.
Figili zilinenepa majani, chini zikabaki mkia.
Mchicha haukumuuliza mtu,
uliota hata kwenye nyufa za saruji.
Kisha asubuhi moja nainua jani:
hilo hapo, jeusi, linang'aa
kama kiatu cha mtoto siku ya Idi.

Nikiri hapa, kwa kuwa mama hayupo wa kusoma:
sikuwahi kulipenda. Morogoro, mezani,
nililificha chini ya tonge la ugali,
nikalipitisha kwa paka, paka naye akalikataa.
Mama aliona. Aliona kila siku,
na kila siku akanipakulia.

Nilichuma kumi na moja.
Nikayakaanga mazima, yamepasuliwa msalaba,
kitunguu saumu, bizari, tui la kopo.
Mwanaidi akasema, "Tamu, baba,"
na kwa ncha ya uma akalisogeza pembeni,
taratibu, chini ya wali.

Niliujua mkono ule.

Usiku wa jalidi nikavua shuka vitanda vyote
nikaenda kuyafunika mashina, na tochi mdomoni.
Kulipokucha lilibaki moja, lililojificha tangu Agosti,
limegeuka manjano, limejaa mbegu kama njuga.
Bi Halyna akachungulia juu ya ua.
"Usijihangaishe. Hizo ni chotara, hazifuati mama.
Ukizipanda utavuna usichokijua."

Nikalikamua ndani ya bakuli la maji.
Zilizoelea nikazimwaga.
Zilizozama nikazianika juu ya gazeti,
karibu na birika, siku nne,
kisha bahasha, kisha kalamu.
Nikakaa muda mrefu, sijui niziite nani.
Mwishowe nikaandika:
Mwakani. Bafuni. Msirushe maji.