Danzi

Nilipoolewa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Tano,
nilifika na masanduku mawili, mkeka wa ukindu,
na kikapu cha madanzi kutoka kwetu Muheza
ambacho wifi yangu Mwanamkasi alikitazama
kama mtu aliyekuta mbuzi sebuleni.
"Machungwa haya yameoza?"

Hayajaoza. Ni madanzi.
Ganda bovu, kokwa tele, na ukali
wa kukufumbisha jicho moja.
Kwetu kachumbari haitiwi kitu kingine.
Kitunguu unakikata uzi uzi, unakifikicha kwa chumvi
hadi kitoe machozi yake, yako yaishe,
unakiosha maji mara tatu. Nyanya. Tango.
Pilipili mbuzi nusu, ukipenda nzima shauri yako.
Kisha danzi, unalikamulia kiganjani
lichuruzike katikati ya vidole
kokwa zibaki mkononi.
Basi. Ukiongeza neno umeharibu.

Sikujua kuwa kila bakuli lina madhehebu yake.

Mama mkwe ni mtu wa siki,
siki ya mnazi, iliyomo katika chupa ya kijani
nyuma ya mlango wa jikoni,
yenye umri kumshinda shemeji yangu mdogo
na kuheshimiwa zaidi yake.
Baba mkwe, Mzee Mwinjaka, hataki siki wala ndimu:
anataka tui bichi, zito, la kushika kijiko.
"Kachumbari kavu," anasema, "ni ya wasafiri."
Mume wangu Mhidini ni wa ndimu,
na usimletee limau.
Limau, kwake, ni maji yaliyosikia habari za ndimu.

Halafu Twalibu, huyo shemeji mdogo,
akarudi kutoka Dar na chupa ya mayonezi.
Akaikoroga na tomato ya chupa mbele yetu sote,
ikatoka rangi ya ufizi.
Mama mkwe akaisogelea, akainusa.
"Hii ni ya kula au ya kujipaka?"

Ramadhani yangu ya kwanza katika nyumba ile
mabakuli yalikuwa matano juu ya mkeka mmoja.
La kwangu nililiweka ukingoni, karibu na kandambili.
Mikono ilipita juu yake kwenda kwenye mihogo,
ikapita juu yake kurudi.
Kila jioni nililila peke yangu, nikalisuuza peke yangu.
Mwacha asili ni mtumwa, nilijiambia,
lakini asili nayo inachosha
kama hakuna hata mmoja wa kukwambia
"hebu, nionjeshe kidogo."

Usiku wa kumi na tisa, kabla ya daku,
umeme umekatika, nikatoka kwenda jikoni kwa kupapasa.
Kulikuwa na mwanga wa tochi, imeegemezwa kwenye sufuria.
Mama mkwe, khanga ameifunga kifuani,
mbele yake kipande cha changu kilichobaki,
vitunguu vyangu vilivyobaki,
na nusu ya danzi mkononi mwake.
Alikuwa amefumba jicho moja.

Tukatazamana kwa lile lililo wazi.

"Siki imeisha," akasema.

Chupa ya kijani ilikuwa palepale nyuma ya mlango,
imejaa hadi shingoni, inang'aa kwa tochi
kama shahidi aliyeitwa mahakamani akanyimwa kiti.
"Ndiyo, mama," nikamwambia. "Imeisha tangu jana."

Akanisogezea sahani. Nikala vidole viwili, vitatu,
nikatema kokwa kwenye kiganja changu,
naye akatema kwenye cha kwake.
Asubuhi mabakuli yalikuwa matano vilevile,
na mkono wake ulipita juu ya la kwangu
bila kusita.

Sikumwambia mtu. Wala yeye hakuniuliza
nilikuwa nafuata nini jikoni usiku ule,
na kijiko changu tayari mkononi.
Maji yalikuwa chumbani, mtungi mzima.

Nilifuata mayonezi.