Hodi ya Nne

Mashine yangu iko Mkomani, chumba cha juu,
ya Mzamil iko ng'ambo ya kichochoro,
na baina yetu wikio,
lile daraja walilojengewa mabibi wa zamani
wapate kuzuriana pasi kuonwa na wapita njia.
Siku hizi hapiti mtu. Unapita waya wa buluu,
nimeufunga kwa uzi wa kushonea kofia
kila hatua tatu, usije ukaning'inia.

Ninachokitaka si kikubwa:
faili la vielelezo, kazi ya mkono wa baba,
jicho la kaa, mwezi pacha, na kile cha ncha saba
ambacho hakuna aliyekikariri.
Mzamil alipohama, alihama nacho.
Hakuiba. Kompyuta ilikuwa mezani kwake, basi.
Na bwana harusi wa Mambrui anataka kofia kumi na mbili
kabla ya mwezi kuandama.

Nilianza pale wote huanzia:
nikazima, nikawasha.
Nikapuliza vumbi la chokaa kwenye kisanduku cha mtandao
kilichokaa kidakani, penye sahani za kaure za bibi;
taa tatu za kijani, moja ikipepesa
kama jicho la mtu anayetunga uongo.
Nikatazama majina ya vikundi: changu kilisema NYUMBANI,
chake kilisema NYUMBA.
Herufi mbili, tukawa hatujuani.
Nikaisahihisha na saa,
iliyodai tuko mwaka ambao baba yu hai.
Hiyo nilisita kidogo kabla ya kuibonyeza.

Kisha nikapiga hodi.
Mgeni mwenye adabu hupiga tatu, asipoitikiwa hurudi.
Mashine haina adabu, hupiga nne.
Nne zikaenda, nne zikarudi,
hakuna iliyopotea njiani:
karibu, karibu, karibu, karibu.
Nikaubonyeza mlango.
*Huna ruhusa.*

Aidarus, mtoto wa dada, akaja na begi lake la shule,
akaimaliza mikate yangu ya mofa,
akajipangusa mikono kwenye kanzu, akauliza
jambo ambalo halijanipitikia:
"Mjomba ana neno la siri?"
Nikampigia simu, ya kwanza tangu Mfungo Sita.
"Sina," akasema. "La nini? Mimi mlango wangu
siku zote u wazi."

Ndipo penyewe hapo.
Mashine haimpokei mgeni wa mbali
kwa akaunti isiyo na kufuli.
Nyumba anayoingia yeyote
haina namna ya kujua kuwa huyu ni wewe.
Nililisoma hilo mara mbili, miwani imenishuka puani,
nikakumbuka tulivyoachana baada ya arobaini:
hakuna aliyefunga kitu, hakuna aliyeomba kitu,
kila mmoja akangoja mwenzake aingie.

"Weka neno," nikamwambia.
"Lolote?"
"Lolote. Kisha nambie."
Akanyamaza. Nikasikia vidole vyake viwili
vikitafuta herufi, kama kuku adonoavyo mtama.
Halafu akalitaja, taratibu, herufi moja moja.
Siliandiki hapa; la siri ni la siri.
Ila Aidarus alicheka, nami sikucheka.

Faili zikaanza kuvuka.
*Zimebaki saa tatu. Zimebaki dakika nne.
Zimebaki siku mbili.*
Jicho la kaa. Mwezi pacha. Ncha saba,
na pembeni mwandiko wa baba:
hapa uzi usivutwe sana.

Asubuhi yake printa ikatoweka.
Waya umo, taa zawaka, jina halipo.
Nilijua pa kuanzia: kuzima, kuwasha.
Nikaacha.
Sikuvaa hata buibui, hiyo ndiyo kazi ya wikio;
nikainama chini ya boriti,
nikauruka waya wangu wa buluu,
nikavuka kwa miguu.
Mlango ulikuwa umerudishwa.
Nikabisha mara tatu,
na kwa ukaidi tu
nikaongeza ya nne.