Fundo la Tatu Kutoka Mlangoni

Baba yangu, Pazi Chaurembo, alisugua sakafu za Magomeni
kwa kumbi la nazi chini ya unyayo wa kulia,
nta nyekundu ikimpanda hadi kifundoni
kama soksi moja.
Saruji haina siri, alisema:
ukiipiga, inakujibu ilivyo.

Mimi nilianza na gundi.
Mwaka wa tisini na saba, nyumba ya mgeni, Oysterbay.
Msimamizi alitusomea maneno ya boksi
kama anayesoma barua ya posa.
Tulipaka gundi kila ulimi, kila mfereji,
tukabana kwa mikanda, tukangoja usiku kucha,
asikanyage mtu, asikanyage hata paka.
Niliinama nikanusa. Hapakuwa na harufu ya mti.
Vumbi la mbao lililoshindiliwa,
juu ya vumbi karatasi, juu ya karatasi picha,
juu ya picha ngozi ngumu inayong'aa.
Mwaloni, wakasema.
Sijawahi kukaa kivulini mwake.
Keko nzima ilicheka: watu wana mninga, wanakanyaga picha!

Cheka, lakini piga hesabu.
Mninga ulipanda bei, ukapanda tena,
ukawa mzigo wa kusafirishwa usiku chini ya magunia ya mkaa.
Picha zikashuka.
Kisha gundi ikastaafu:
ubao ukajifunza kuingia kwa mwenzake, ta!
nami nikajifunza kula kwa sauti hiyo.
Ta, Mbezi. Ta, saluni ya Sinza.
Ta, ofisi ya wakili juu ya duka la vitenge, Msimbazi.
Waliosema ni mambo ya matajiri
wakaja kununua za chumba cha mbele tu,
cha nyuma kibaki na Mungu wake.
Zikaja zenye mistari unayoisikia kwa kidole,
zikaja za kijivu, kama mti uliotoka homa,
na sasa hizi za plastiki na mawe yaliyosagwa
ambazo muuzaji wa Kariakoo huzitumbukiza kwenye ndoo
mbele ya wateja, akazitoa, akazifuta kwa shati lake.

Unyevu wa Dar haukusoma boksi.

Juzi nimeitwa Upanga, ghorofa ya tatu.
Bi Tausi Kilongola, mjane. Bomba limevuja,
mbao nne zimevimba midomo kama watoto walionyimwa.
Napiga magoti; magoti nayo yananipigia kelele.
"Fundi, hilo fundo nalijua."
Fundo jeusi, umbo la punje ya kahawa.
Namwonyesha: lipo hapa, lipo karibu na friji,
lipo mara saba chumba kizima.
Mti mmoja ulipigwa picha siku moja, ukatembezwa duniani.
"Hata yawe saba," anasema.
"Hili la tatu kutoka mlangoni amelifuta marehemu."
Kiti chake. Kisigino cha kushoto.
Miaka kumi na minne ya taarifa ya habari.
Picha imeisha pale, na karatasi imeisha,
limebaki vumbi la mbao, kahawia, laini kama shavu.

Nimezunguka Kariakoo na kipande mkononi.
Picha hiyo, fundi, haichapwi tena.
Basi nimefanya tunachofanya sisi wenye magoti mabovu:
nimesogeza kabati la nguo,
nimekopa mbao nne ambazo hazijawahi kuona jua.
Zimekaa pale mbele na rangi changa mno,
kama wageni wasiojua waweke wapi mikono.
Chini ya kabati nimeziba kwa mabaki ya kazi nyingine.
Watakaojua ni mende.

Nilikuwa nafunga begi aliponishika bega.
Ule wa kisigino usiutupe.
Akanionyesha: chini ya kitanda, upande wake.
Nikakata ncha iliyovimba, nikainama tena,
nikausukuma. Ukakataa.
Nikaukung'uta, nikausukuma. Ukakataa.
Bi Tausi ameshika taa, hasemi kitu.

Ta.