Blanketi la Nne

Ujumbe uliingia saa kumi na moja alfajiri,
ukungu wa Kabale bado umeyalalia mabati:
*Mteja wetu mpendwa, Ndyabahika,
blanketi la umeme uliloagiza mwezi wa nne,
rangi ya damu ya mzee, vipande vinne,
toleo K-703, linaitwa lirudi.
Acha kulitumia mara moja.*

Mara moja! Na mama amelala ndani yake
chumba cha pili, swichi imetoa jicho jekundu.
Nilinyata miguu mitupu, nikachomoa plagi
kama anayemnyang'anya mtoto titi.
Hakuamka. Aliyakunja tu magoti,
yale yaliyopanda matuta ya Rubaya miaka arobaini,
akasema usingizini: Mlango, nani ameuacha wazi?

Kulipokucha niliwapigia wenye soko.
Soko lenyewe halina banda, halina mizani,
halina mchuuzi wa kumkamata shati.
Msichana mwenye sauti ya asali akanijibu:
mzigo ni wa muuzaji, sisi ni uwanja tu.
Muuzaji ni jina lenye nyota nne na nusu;
nilipobonyeza, duka limeshafungwa,
hata msumari wa kibao haukubaki.
Nilibishana mpaka salio likaniishia,
nikanunua jingine, nikabishana tena.
Mwishowe: sawa, fedha zitarudi,
ila kata waya, piga picha, namba ya toleo ionekane.

Nikachukua mkasi wa mama wa kushonea.
"Limekosa nini? Halijaniunguza."
"Bado, mama."
"Hata wewe hujaniunguza bado, na sijakukata."

Nikakata.

Ndipo nikahesabu. Vinne.
Mwezi ule nilikuwa mwema, niliagiza kwa jina langu
ili gharama ya usafirishaji igawanyike:
moja la mama,
moja la Kyarisiima, muuguzi wa zamu za usiku,
moja la mzee Bazarwa, fundi saa,
na moja la Komuhangi, aliyepanga nyuma ya ghala la viazi.
Wao hawakuandikiwa. Kwa soko, hawapo.
Jina ni langu, simu ni yangu,
na moto ukija hautauliza risiti.

Kyarisiima hakuuliza swali. Alikata mwenyewe,
mikono yake inajua ngozi iliyoungua ina harufu gani.
Bazarwa alilipasua pembe kwa kiwembe,
akabana lenzi jichoni, akaniita karibu:
waya mbili zimechubuana, shaba imeanza kuchungulia.
"Hii nayo," akasema, "ilikuwa saa. Ilikuwa inahesabu."

Komuhangi alikuwa amehama.
Nilimpata kwa simu ya tatu, Kisoro, sokoni, kelele tupu:
"Lile? Nililiuza! Dereva wa lori, pale Katuna,
alisema mkewe ana baridi yabisi."
Jina? Hakumuuliza jina.
Lori la bluu. Nyuma limeandikwa *Haraka ya Nini*.

Siku mbili nilisimama Katuna kwenye foleni ya mpakani,
nikisoma migongo ya malori kama mwanafunzi wa darasa la kwanza.
Nilibandika karatasi kwenye kioski cha chai,
kwa Kiswahili, kwa Rukiga, namba ya toleo kwa kalamu nene.
Mvua ikaisoma kabla ya wengine.

Fedha zimeingia. Za vitatu.
La nne, wanasema, bado tunangoja picha.

Mama amechomoa nyaya zote, mmoja mmoja,
kama anayetoa miba kwenye samaki wa mgeni,
na kilichobaki anajifunika. Anasema kinatosha.
Mimi baridi ikinibana saa nane za usiku naamka,
nashuka kitandani, nakumbuka hakuna cha kuchomoa,
na bado mkono unapapasa ukutani,
kwa ajili ya mwanamke nisiyemjua jina
wala mji, wala upande anaolalia.