Siku ya Arobaini na Nne

Swali la nne, ukurasa wa sitini na moja:
kengele mbili zimelia pamoja.
Moja hulia kila baada ya siku kumi na mbili,
nyingine kila baada ya siku tisa.
Zitalia tena pamoja lini?

Ekibastuz, theluji imefika usawa wa dirisha,
supu ya jana inachemka upya.
Kengele za nini? Nikafuta kwa raba,
nikaandika: Baba.
Ya pili nikaandika: Mama.

Baba, mhudumu wa behewa namba saba,
hurudi siku ya kumi na mbili
na vipakiti vya sukari mfukoni.
Mama, nesi, hupumzika siku ya tisa,
dawa ya wodini bado inanukia nyweleni.
Mara ya mwisho kula watatu: tano Novemba.

Mwalimu Saparova husema, msiliparamie jibu,
ivunjeni namba hadi igome.
Nikaipasua kumi na mbili kama kuni:
mbili, mbili, tatu.
Tisa: tatu, tatu.
Tatu moja ni ya wote, usiihesabu tena.
Mbili, mbili, tatu, tatu.
Thelathini na sita.
Nikazungushia duara kumi na moja Desemba.

Ikafika. Tambi, nyama ya farasi,
viti vyote vitatu vina watu.
Baba akasema huku akilitazama bakuli:
ratiba imebadilika,
sasa nitarudi kila siku ya kumi na moja.
Mama akacheka, tumepunguziwa siku!

Mimi nikafuata penseli.
Kumi na moja. Nikaigonga kwa mbili, kwa tatu,
kwa tano; haikutoa hata kibanzi.
Namba tasa, na tasa hana wa kugawana naye.
Mara tisa:
tisini na tisa.

Sikusema. Niliacha daftari wazi kando ya birika.

Asubuhi, chini ya jibu langu,
wino wa kijani, mwandiko wa kuandikia vyeti vya wagonjwa:
*Siku ya 44 yeye. Siku ya 45 mimi.
Nitabadilishana zamu na Gulbarshyn.*

Nikalipeleka shuleni hivyo hivyo.
Saparova akaweka vema kwenye thelathini na sita,
vema kwenye tisini na tisa,
na kwenye mstari wa Mama
kalamu yake ikabaki hewani, kitambo,
mpaka Daniyar wa dawati la nyuma akauliza
kama kipindi kimekwisha.